Programu Imeganda Ikimsubiri Mwana: Jinsi ya Kuzibua Bomba kati ya Michakato

Dalili zake ni hizi. Skripti yako inaita programu nyingine, inachukua matokeo yake, inaendelea. Kwenye majaribio ilikwenda vizuri. Siku ulipoipa faili kubwa, au siku programu ile ya pili ilipoanza kutoa maonyo mengi, ikasimama. Hakuna ujumbe wa kosa, kichakato kimetulia kwenye asilimia sifuri, kumbukumbu haipandi. Ukibonyeza Ctrl+C, Python inakuonyesha kwamba ilikuwa ndani ya `os.waitpid`, basi, zaidi ya hapo haisemi kitu.

Wengi hukimbilia kuweka `sleep` au kuongeza muda wa kusubiri. Haisaidii, kwa sababu hapa hakuna aliyechelewa. Kuna wawili wanasubiriana, na watasubiriana hata mwaka mzima. Kazi yako ni kujua nani anamsubiri nani, na nani ameshika ncha ipi ya bomba lipi, yaani njia inayopitisha data kutoka mchakato mmoja hadi mwingine. Ukishajua hayo, marekebisho yenyewe kwa kawaida ni mstari mmoja au miwili.

Nitatumia Python kwenye Linux kwa sababu ndiko tatizo hili linakokutana na watu wengi, ila kanuni ni zilezile kwa lugha nyingine. Mchakato unaoita nitauita mzazi, unaoitwa nitauita mwana.

Hatua ya 1: Ligandishe kwa makusudi

Usianze na skripti yako ya mistari elfu. Anza na hii:

```python
import subprocess, sys

kazi = "import os; os.write(1, b'x' * 65536)"
mwana = subprocess.Popen([sys.executable, "-c", kazi],
                         stdout=subprocess.PIPE)
mwana.wait()
print("nimemaliza")
```

Iendeshe. Itamaliza mara moja. Sasa badilisha 65536 iwe 65537, uendeshe tena. Imeganda, kwa baiti moja tu.

Bomba ni nafasi ndogo ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Kwenye Linux, tangu toleo 2.6.11, nafasi hiyo ni kurasa 16 za kumbukumbu, ambazo kwenye mashine nyingi ni baiti 65,536. Kabla ya hapo ilikuwa ukurasa mmoja tu, baiti 4,096. Mwana akiandika, data inakaa humo mpaka mtu aisome. Ikijaa, kerneli inamlaza mwana palepale alipo, katikati ya `write`, mpaka nafasi ipatikane. Naye mzazi yuko kwenye `wait()`, anasema: nitasoma mwana akishamaliza. Mwana hawezi kumaliza kabla hajasomwa.

Ndiyo maana kosa hili hupita majaribio yote likaja kukushika kazini. Data ya majaribio karibu kila mara ni chini ya KiB 64, yaani baiti 65,536.

Utakutana na ushauri wa kupanua bomba. Inawezekana: Linux ina `F_SETPIPE_SZ`, na Python 3.10 iliongeza hoja ya `pipesize` kwenye `Popen`. Mtumiaji wa kawaida anaweza kufika hadi baiti 1,048,576 kwa mpangilio wa kawaida wa mfumo. Mimi siupendi ushauri huo kama tiba ya kuganda. Umeusogeza ukuta mbele tu, na sasa utagongwa mara chache zaidi, yaani itakuwa vigumu zaidi kulinasa kosa lenyewe.

Hatua ya 2: Angalia kabla ya kugusa

Programu ikiwa bado imeganda, usiiue. Iliyoganda ndiyo ushahidi. Fungua terminali nyingine, tafuta namba ya mzazi, tuseme ni 4120, kisha:

```
$ ps -o pid,ppid,stat,wchan:16,args -p 4120 --ppid 4120
  PID  PPID STAT WCHAN            COMMAND
 4120  3877 S+   do_wait          python3 mzazi.py
 4121  4120 S+   pipe_write       /usr/bin/python3 -c import os; os.w...
```

Safu ya WCHAN inakuambia kila mmoja amelala wapi ndani ya kerneli. Majina hubadilika kidogo kati ya matoleo ya kerneli, ila neno `pipe` utaliona. Mashine nyingine huonyesha kistari tu kwenye safu hiyo. Hapo tumia `strace`, inayoonyesha wito ambao mchakato umeupeleka kwa kerneli, na ambayo mara nyingi itataka `sudo`:

```
$ sudo strace -p 4121
write(1, "xxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxxx"..., 65537
```

Mabano hayajafungwa na hakuna jibu upande wa kulia. Maana yake wito huo haujarudi. Namba 1 ya mwanzo ni `stdout`, mkondo wa matokeo. Ungeona 2 ungejua ni `stderr`, mkondo wa makosa na maonyo, na 0 ni `stdin`, mkondo wa kuingizia data. Kwa mzazi aliyeandikwa kwa Python, `py-spy dump --pid 4120` inakupa hata mstari wa skripti aliosimamia, bila kubadilisha chochote.

Sasa linganisha ulichokiona na hali hizi, kwa sababu kila moja ina dawa yake. Mwana yuko `pipe_write` na mzazi yuko `do_wait`: bomba limejaa, nenda hatua ya 3. Wote wawili wako `pipe_write`: kila mmoja anajaza bomba la mwenzake, soma hatua ya 5. Mwana yuko `pipe_read`: anasubiri kupewa kitu cha kusoma, au kuambiwa kwamba data imekwisha, hiyo pia ni hatua ya 5. Na ile ya ajabu kuliko zote, ambapo mwana ameshakufa, `ps` inamwonyesha kwa herufi Z na neno `defunct`, lakini mzazi bado anasubiri kusoma bombani: hiyo ni hatua ya 6, na ndiyo inayokula muda wa watu.

Hatua ya 3: Soma kwanza, subiri baadaye

Kama unachotaka ni kuendesha amri na kupata ilichotoa, usishike mabomba kwa mkono kabisa:

```python
r = subprocess.run(["amri", "hoja"], capture_output=True, text=True)
print(r.returncode, len(r.stdout), len(r.stderr))
```

`run` ipo tangu Python 3.5, na `capture_output` tangu 3.7. Ndani yake inaita `communicate()`, ambayo husoma `stdout` na `stderr` kwa pamoja: kwenye Unix inaangalia ni bomba gani lina data sasa hivi, kwenye Windows inatumia nyuzi (threads). Hakuna bomba linaloachwa lijae.

Kuna mtego mmoja ambao hata wazoefu huuandika. Unaonekana kama umesoma kila kitu:

```python
matokeo = mwana.stdout.read()
makosa = mwana.stderr.read()
mwana.wait()
```

`stdout.read()` hairudi mpaka `stdout` ifungwe. Mwana akitoa zaidi ya KiB 64 za maonyo kwenye `stderr` kabla hajamaliza, analala huko, `stdout` haifungwi, na mzazi hafiki mstari wa pili. Kwa siku za kawaida zenye maonyo matatu hutaona kitu. Itaganda siku mambo yameharibika na makosa ni mengi, yaani siku ileile uliyokuwa ukiyahitaji sana makosa hayo. Kwa maoni yangu, `stderr=PIPE` isiyosomwa na mtu ndiyo chanzo kikubwa cha kuganda kwa aina hii, kuliko `stdout`.

Kwa hiyo kabla ya kuandika `PIPE` popote, jiulize kama kweli utasoma. Kama huhitaji, andika `subprocess.DEVNULL`. Kama unataka mikondo yote miwili kwa mfuatano mmoja, andika `stderr=subprocess.STDOUT`, ubaki na bomba moja. Kama matokeo ni gigabaiti kadhaa, `communicate()` itayabeba yote kwenye kumbukumbu, nayo si afya. Mpe mwana faili moja kwa moja:

```python
with open("matokeo.txt", "wb") as f:
    subprocess.run(amri, stdout=f, stderr=subprocess.STDOUT)
```

Faili halimlazi mwandishi hata kama hakuna msomaji. Hapa hata `wait()` ni salama.

Hatua ya 4: Ukitaka kuona mistari inavyotoka

`communicate()` inakupa kila kitu mwishoni. Kazi ya saa nzima inataka uone maendeleo, kwa hiyo utasoma mstari kwa mstari. Kanuni haibadiliki: kila bomba ulilofungua lina msomaji wake muda wote. Mkondo mmoja usome mwenyewe, wa pili uupe uzi:

```python
import subprocess, threading

def kusanya(mkondo, orodha):
    for mstari in mkondo:
        orodha.append(mstari)

makosa = []
with subprocess.Popen(amri, stdout=subprocess.PIPE,
                      stderr=subprocess.PIPE, text=True) as mwana:
    uzi = threading.Thread(target=kusanya, args=(mwana.stderr, makosa))
    uzi.start()
    for mstari in mwana.stdout:
        print("mwana:", mstari, end="")
    uzi.join()

print("amerudisha", mwana.returncode)
```

Ukiendesha hii unaweza kukuta bado huoni kitu kwa dakika kadhaa, kisha mistari inamwagika kwa mkupuo. Huko si kuganda, ingawa kunafanana nako. Programu nyingi, zinapogundua kwamba `stdout` si terminali, huacha kutuma mstari kwa mstari na kulimbikiza kwenye bafa yao wenyewe, yaani hifadhi ya muda, mpaka ijae. Kwenye terminali inatiririka, ukiweka bomba inanyamaza. Watu huapa kwamba Python ndiyo mbovu.

Bafa hiyo imo ndani ya mwana, kwa hiyo mzazi hana namna ya kuifikia. Lazima umwambie mwana. Kama ni Python, mwite kwa `python3 -u` au uweke `PYTHONUNBUFFERED=1` kwenye mazingira yake. `grep` ina `--line-buffered`, `sed` ina `-u`. Programu ya C inayotumia maktaba ya kawaida unaweza kuitanguliza `stdbuf -oL`. Hiyo haifanyi kazi kwa programu zinazojisimamia bafa zenyewe, Python ikiwemo, wala kwa zile zilizounganishwa bila maktaba za nje. Ikishindikana yote, moduli ya `pty` inamdanganya mwana aamini yuko kwenye terminali, lakini hapo utapata pia rangi na alama za terminali ndani ya data yako. Iache iwe ya mwisho.

Na hoja ya `bufsize=1` kwenye `Popen` je? Inahusu bafa ya upande wa mzazi. Haimgusi mwana hata kidogo.

Hatua ya 5: Mwana anasubiri wewe useme

Jaribu hii:

```python
from subprocess import Popen, PIPE

mwana = Popen(["sort"], stdin=PIPE, stdout=PIPE, text=True)
mwana.stdin.write("tatu\nmoja\nmbili\n")
print(mwana.stdout.readline())
```

Inaganda, na kuna makosa mawili yamepandana. La kwanza, ulichoandika bado kimo kwenye bafa ya mzazi. `sort` haijaona hata herufi. Ukiongeza `mwana.stdin.flush()` hilo limeisha, lakini utabaki umeganda. La pili ni kwamba `sort` haiwezi kutoa mstari wa kwanza kabla haijauona wa mwisho, na mwisho wa data haujui mpaka `stdin` ifungwe. Ukiandika `mwana.stdin.close()` kabla ya kusoma, mistari inatoka.

Kwa mistari mitatu hiyo inatosha. Kwa megabaiti kumi hapana. Utakuwa bado unaandika huku mwana, kama ni mtu wa kutoa kadiri anavyopokea, anajaza bomba la kurudi. Bomba la kurudi linajaa, mwana analala, anaacha kusoma, bomba la kwenda nalo linajaa, na wewe unalala. Hiyo ndiyo hali ya wote wawili `pipe_write`. Dawa ni `communicate(input=data)` au `run(amri, input=data)`, ambazo huandika na kusoma kwa zamu kadiri kila bomba linavyoruhusu, kisha hufunga `stdin` zenyewe.

Mazungumzo ya kweli ya kwenda na kurudi, swali na jibu, swali na jibu, yanawezekana tu kama mwana anatoa jibu mara baada ya kila swali, hakai na majibu kwenye bafa, na nyote mnajua jibu linaishia wapi. Kama hujaiandika programu hiyo wewe mwenyewe, usitegemee.

Kuna pia mwana anayesoma `stdin` ambayo hukukusudia kumpa. Usipotaja `stdin`, mwana anarithi ya mzazi. `ffmpeg` kwa mfano husikiliza kibodi wakati inafanya kazi. `ssh` hunyonya chochote kilichopo kwenye `stdin` na kukipeleka upande wa pili. Jizoeze kuandika `stdin=subprocess.DEVNULL` kwa kila mwana ambaye humpi data. Ukiwa kwenye mstari wa amri, `ffmpeg -nostdin` na `ssh -n` hufanya kazi hiyo.

Maswali ya nywila ni jambo tofauti. `ssh`, na `git` inapopitia mtandao, hazisomi nywila kutoka `stdin`. Hufungua `/dev/tty` moja kwa moja, kwa hiyo `DEVNULL` haizizuii. Ziambie zisiulize: `ssh -o BatchMode=yes`, `GIT_TERMINAL_PROMPT=0` kwenye mazingira ya `git`, `sudo -n`. Zitashindwa mara moja na ujumbe unaosomeka, na hilo ni bora mara mia kuliko swali linalomngoja mtu asiyekuwepo.

Hatua ya 6: Mwana amekufa, mjukuu ameshika bomba

```python
import subprocess
subprocess.run("sleep 300 & echo tayari", shell=True,
               capture_output=True)
```

Ukiandika amri hiyo kwenye terminali, inarudi papo hapo. Ndani ya Python inakaa dakika tano nzima.

Kanuni hapa ni ya mabomba yenyewe, na haijabadilika tangu Ken Thompson alipoyaingiza Unix mwaka 1973 kwa wazo la Doug McIlroy: msomaji anapata alama ya mwisho wa data pale tu ncha ya kuandikia inapokuwa imefungwa na kila aliyeishika. Kufa kwa mwana hakutoshi. Ganda la amri (shell) lilipozaa `sleep`, lilimrithisha `stdout` na `stderr`. Ganda likafa, ila mjukuu bado anaishi, na ingawa hataandika hata baiti moja, kerneli haiwezi kujua hilo. Mzazi anaendelea kusoma.

Kumpata anayeshika bomba ni rahisi ukijua pa kuangalia. Kwanza namba ya bomba upande wa mzazi:

```
$ ls -l /proc/4120/fd
...
lr-x------ 1 ... 3 -> 'pipe:[58213]'
```

Kisha uliza mashine nzima nani mwingine ana bomba hilo:

```
$ sudo find /proc/[0-9]*/fd -lname 'pipe:\[58213\]' 2>/dev/null
/proc/4120/fd/3
/proc/4122/fd/1
```

4122 ni `sleep`, na namba 1 mwishoni inasema ameishika kama `stdout` yake. Amri hii ya `find` ningependa kila mtu anayeendesha huduma kwenye seva aijue, kwa sababu skripti ya kuwasha huduma inayoganda ikiitwa na programu nyingine karibu kila mara ni hadithi hii: huduma imewaka vizuri, imekwenda nyuma, na imeondoka na bomba la aliyeiwasha.

Marekebisho ni kumnyang'anya mjukuu bomba kabla hajaondoka:

```
sleep 300 >/dev/null 2>&1 &
```

Mwelekeo wa pili wa kanuni hiyohiyo unatokea unapounganisha programu mbili mwenyewe:

```python
p1 = Popen(["yes"], stdout=PIPE)
p2 = Popen(["head", "-n", "1"], stdin=p1.stdout, stdout=PIPE)
p1.stdout.close()
print(p2.communicate()[0])
p1.wait()
```

Ondoa `p1.stdout.close()` uone. `head` inachukua mstari mmoja na kuondoka. `yes` ilitakiwa ipate ishara ya SIGPIPE na kufa, lakini ishara hiyo huja tu pasipokuwa na msomaji yeyote, na mzazi bado ameshika ncha ya kusomea kwa jina la `p1.stdout`. `yes` inajaza bomba na kulala, na `p1.wait()` hairudi. Ukiurudisha mstari huo kama inavyotakiwa, `p1.returncode` itakuwa -13, yaani ameuawa na ishara namba 13. Hilo si kosa, ndivyo inavyopaswa.

Kwa wanaoandika C: ukitengeneza bomba na kuzaa mwana, kila upande ufunge ncha asiyoitumia, na tumia `pipe2` yenye `O_CLOEXEC` ili ncha zisivuje kwa watoto wengine. Python ilikuwa na uvujaji huo zamani. `close_fds` (kufunga mabomba na faili zisizohusika kwa mwana) ikawa ya kawaida toleo 3.2, na tangu 3.4 faili zinazofunguliwa na Python hazirithishwi mpaka utake.

Hatua ya 7: Weka kikomo cha muda, lakini ua ukoo mzima

Baada ya kuzibua mabomba, ndipo kikomo cha muda kinapokuwa na maana, kwa sababu zipo sababu nyingine za mwana kuchelewa: mtandao, diski, kufuli la hifadhidata. Hoja ya `timeout` ilikuja na Python 3.3. Angalia tofauti hii: `run(timeout=60)` humuua mwana muda ukiisha, `communicate(timeout=60)` haimuui, inarusha `TimeoutExpired` tu na kukuachia wewe.

Na `kill()` humuua mwana peke yake. Kama ulitumia `shell=True`, umeua ganda; kazi halisi inaendelea chini yake, pengine na bomba mkononi. Kwa hiyo mpe mwana kundi lake mwenyewe tangu kuzaliwa, kisha uue kundi:

```python
import os, signal, subprocess

def endesha(amri, kikomo=60):
    mwana = subprocess.Popen(
        amri, stdin=subprocess.DEVNULL, stdout=subprocess.PIPE,
        stderr=subprocess.STDOUT, text=True,
        start_new_session=True)
    try:
        matokeo, _ = mwana.communicate(timeout=kikomo)
    except subprocess.TimeoutExpired:
        os.killpg(mwana.pid, signal.SIGKILL)
        matokeo, _ = mwana.communicate()
        raise RuntimeError("muda umeisha, alichotoa:\n" + matokeo)
    return mwana.returncode, matokeo
```

`start_new_session=True` inafanya namba ya kundi iwe sawa na namba ya mwana, ndiyo maana `killpg(mwana.pid)` inafaa. Faida ya ziada: mwana anakuwa hana tena `/dev/tty`, kwa hiyo hata programu yenye ubishi haiwezi kuuliza nywila. Hasara: Ctrl+C kwenye terminali haimfikii tena, itakubidi umuue mwenyewe mzazi anapokatizwa. Mwana anayehitaji kusafisha faili zake kabla ya kufa mtumie SIGTERM (ishara ya kumwomba amalize) kwanza, umpe sekunde chache, ndipo SIGKILL (ya kumuua palepale). Na mjukuu aliyejitenga kwa `setsid` yake mwenyewe atakuponyoka. Kwa huyo unahitaji kontena au `systemd` imdhibiti.

Kwenye skripti za ganda, `timeout -k 5 60 amri` inafanya karibu yote hayo, na hurudisha 124 muda ukiisha, isipokuwa pale inapolazimika kutumia SIGKILL.

Lugha nyingine kwa ufupi. Java: `redirectErrorStream(true)` au `inheritIO()` kwenye `ProcessBuilder` huondoa mtego wa bomba la pili. Go: ukitumia `StdoutPipe`, maliza kusoma kabla ya kuita `Wait`, na tangu Go 1.20 kuna `WaitDelay` kwa ajili ya wajukuu wa hatua ya 6. Node: `exec` haigandi matokeo yakizidi, ila humuua mwana yakipita `maxBuffer`, kwa kawaida MiB 1, kwa hiyo kwa matokeo makubwa tumia `spawn`.

Hatua ya 8: Mjaribu na mwana mkorofi

Usiamini marekebisho yako kwa sababu tu data ya leo imepita. Andika mwana mwenye tabia zote mbaya kwa pamoja, umhifadhi kwenye majaribio ya mradi:

```python
# mkorofi.py
import subprocess, sys
sys.stderr.write("e" * 1_000_000)
sys.stdout.write("o" * 1_000_000)
sys.stdout.flush()
sys.stdin.read()
subprocess.Popen(["sleep", "600"])
```

Mwite kwa `endesha([sys.executable, "mkorofi.py"], kikomo=5)`. Mikondo yote miwili inapita KiB 64, anasoma `stdin`, na anaacha mjukuu ameshika bomba. Baada ya sekunde tano unatakiwa upate `RuntimeError` yenye herufi milioni mbili ndani yake. Kisha andika `pgrep -a sleep`. Ukiona `sleep 600` bado yupo, umemuua mwana ukaacha mjukuu; rudi uangalie kama `start_new_session` imo.